Popi Hana Jeuri, Kuna Kitu Anakwambia

Wanangu wa Sumbawanga, hii ishu ipo kitaa na watu wanaimezea tu. Kuanzia Kizwite hadi Katandala, Jangwani mpaka Chanji, masela na masista kibao siku hizi wanafuga vijibwa vya ndani. Sizungumzii yale majibwa ya kulinda zizi yanayobweka usiku kucha. Nazungumzia vile vidogo vya manyoya, vina blanketi lao na kibakuli chao, mmoja Popi, mwingine Simba hata kama kilo tano hafiki. Miezi inakwenda freshi kabisa. Mbwa anaujua mlango, akibanwa anakwaruza, unamfungulia, anamaliza haja zake nje, anarudi kuchapa usingizi. Halafu siku hiyo unatimba geto kutoka kwenye mishe, unavua viatu, unakanyaga maji ya baridi pembeni ya kitanda. Kesho yake tena. Keshokutwa kapeti ndiyo imeliwa kichwa.

Hapo ndipo watu wanapopanda mori. "Huyu ameota mapembe." "Ananifanyia makusudi kwa sababu jana nilimwacha." Kandambili inarushwa, pua ya mbwa inasuguliwa kwenye kojo, na wapo wanaompakia kwenye boda mpaka nje ya mji wakambwaga huko ajitegemee. Mbwa aliyezoea kulala kwenye blanketi, usiku wa Ufipa, peke yake. Inauma. Na kumtesa mnyama ni kosa nchi hii, Sheria ya Ustawi wa Wanyama ipo tangu mwaka 2008.

Niseme wazi ninachokiamini: mbwa hana jeuri ya kojo. Hawezi kukaa chini akapanga kukukomoa kwa kukojolea zulia. Aliyekuwa msafi akianza kuharibu ndani, kuna kitu kimebadilika, iwe kwenye mwili wake, kwenye nyumba, au kwenye hali ya hewa. Kazi yako ni kukisaka hicho kitu, na unaanza na mwili.

Cha kwanza, liangalie kojo lenyewe. Najua si kazi tamu, ila hapo ndipo majibu yalipo. Chukua kipande cha shuka jeupe kuukuu, kilaze juu ya dimbwi kabla saruji haijalinywa, kisha kipeleke dirishani kwenye mwanga. Unjano hafifu ni kawaida. Ukiona wekundu, au rangi ya chai ya rangi iliyokolea, achana na habari za mafunzo, huyo ni mgonjwa. Inaweza kuwa damu kwenye kibofu. Inaweza kuwa homa ya kupe, ile inayovunja chembe nyekundu za damu mpaka mkojo unabadilika rangi, na kupe huku tunao wa kutosha kwa jinsi ng'ombe wanavyopita mitaani. Inaweza hata kuwa vitunguu. Ule mchuzi uliobaki unaomchanganyia kwenye ugali, kama una vitunguu vingi, unamharibia damu mbwa, na mwenye mwili mdogo dozi yake ya sumu ni ndogo pia.

Halafu angalia kiasi na mahali. Anachuchumaa muda mrefu, yanatoka matone mawili, anasogea hatua tatu anachuchumaa tena, kisha anajilamba bila kuacha: hiyo inanukia maambukizi ya njia ya mkojo, au vijiwe kwenye kibofu. Dimbwi ni kubwa, la maji maji, na bakuli la kunywa linakauka kila ukigeuka: fikiria figo au kisukari, ndiyo, mbwa naye anapata kisukari. Blanketi limelowa pale pale alipolala na mwenyewe hana habari: misuli ya kibofu imelegea, jambo linalowapata wazee na majike waliotolewa kizazi. Matone kidogo kwenye mguu wa kochi au kona ya ukuta, na mguu wa nyuma umenyanyuliwa: hilo ni dume linaloweka alama, umri wa miezi sita kwenda mwaka, damu inachemka. Dawa ya huyo wa mwisho mara nyingi ni kuhasiwa mapema, kabla tabia haijakomaa. Na kama anajikojolea palepale mlangoni ukiingia, masikio chini, tumbo juu, huyo anakuogopa au amezidiwa na furaha. Ukimfokea unaongeza dozi ya tatizo. Ingia kimya, usimtazame machoni, mwache atulie ndipo umsalimie.

Upande wa choo kikubwa, kuhara ghafla mara nyingi ni minyoo au msosi uliobadilishwa kwa kasi. Dawa ya minyoo kila miezi mitatu siyo anasa, hasa kama madogo wa nyumba wanacheza peku kwenye uwanja huohuo, maana minyoo ya mbwa haiishii kwa mbwa.

Ukishayaangalia hayo, nenda kwa bwana mifugo au daktari wa mifugo wa halmashauri. Wengi wanasita, wanadhani atawacheka kwa kuleta kijibwa kwenye mkoa wa ng'ombe. Nenda tu. Ingia na shikamoo yako, mpe maelezo ya maana: "Dokta, ana miaka mitatu, ameanza wiki iliyopita, anakojoa kidogo kidogo, maji anakunywa kama kawaida, chakula anakula, rangi ni hii hapa." Mtolee na kile kitambaa. Ukiweza, kinga mkojo wa asubuhi kwenye kikopo kisafi kilichokauka, mpelekee mapema. Ukimwambia tu "mbwa ananizingua," atakupa dawa ya minyoo na utarudi ulikotoka. Kama karibuni ulisafiri naye kuteremka bonde la Ziwa Rukwa, kwenye mbung'o, litaje hilo pia. Ndorobo humpata mbwa, anakonda, anapata homa, macho yanaweka ukungu. Na kama pamoja na uchafu huo amebadilika akili, anatoa udenda, hawezi kumeza, anang'ata hovyo, usimguse kabisa, wala usijaribu kumwangalia mdomoni. Kichaa cha mbwa hakina mjadala. Akimng'ata mtu, jeraha lioshwe kwa maji yanayotiririka na sabuni dakika 15, kisha hospitali siku hiyohiyo. Chanjo yake ya kila mwaka usiiruke.

Mwili ukiwa salama, hamia jikoni. Huku kwetu mboga ya ziwani ndiyo mpango mzima, migebuka na dagaa kutoka Kasanga na Kirando, na wanaokaushwa kwa chumvi wana chumvi kweli. Mbwa akipewa kichwa cha mgebuka wa chumvi saa mbili usiku, atakunywa maji mpaka saa nne, na saa tisa alfajiri kibofu kimejaa wakati wewe uko kwenye ndoto. Asubuhi unamtukana. Samaki wa mbwa roweka, mwaga maji, chemsha upya bila chumvi. Maji ya kunywa usimnyime hata siku moja, hiyo ni njia ya kumuua figo. Rekebisha msosi wa jioni uwe mapema, saa kumi na mbili hivi, ili apate nafasi ya kutoka kabla hamjalala.

Sasa baridi. Ndugu zetu wa Dar hawawezi kulielewa hili. Sumbawanga iko juu, zaidi ya mita 1,700 kutoka usawa wa bahari, na Julai alfajiri ukifungua mlango pumzi inatoka kama moshi. Mvua nazo zikianza Novemba zinapiga mpaka Aprili, uwanja mzima tope. Mbwa wa kilo nne ana tumbo sentimita chache kutoka ardhini. Nyasi zikiwa na umande, tumbo lote linaloa. Anafika kizingitini, ananusa hewa, ananyanyua mguu mmoja wa mbele, anautikisa, anakutazama, anageuka ndani. Wewe unajua amemaliza kwa sababu ulimfungulia. Hajamaliza. Amekibeba kibofu chake akarudi nacho, na dakika kumi baadaye nyuma ya gunia la mchele kuna ziwa.

Na watu wanasahau kwamba mbwa wadogo kwenye nyanda hizi wana historia yao. David Livingstone alipita upande wa kusini wa kwetu na kijibwa aina ya poodle, jina lake Chitane. Kalikuwa kadogo ila kana roho ya simba, kanakimbia kutoka kwa mtu wa kwanza wa msafara hadi wa mwisho kuhakikisha hakuna anayebaki nyuma. Januari 1867, katikati ya masika, wakavuka kinamasi cha Chimbwe kwenye nchi inayoitwa Zambia leo, maji ya kiunoni, na kwenye purukushani ile kila mtu akajisahau, Chitane akazama. Miezi michache baadaye Livingstone akafika ncha ya kusini ya Ziwa Tanganyika, wakati huo ikiitwa Liemba, jina lililokuja kupewa ile meli kongwe ya ziwa hilo. Nikiwaza mbwa mdogo, maji na msimu wa mvua, namuwaza Chitane. Alimlinda kila mtu, na maji yalipopanda hakuna aliyekumbuka kumbeba.

Kwa hiyo msimu wa mvua mtengenezee mazingira. Bati moja kuukuu likiezekwa nyuma ya nyumba juu ya miti minne, chini ukamwaga mchanga au maranda, unapata choo kikavu cha mbwa. Maranda yapo kwa mafundi seremala, wengine wanakupa bure ukibeba mfuko wako. Kama unapanga chumba kimoja na uwanja ni wa wapangaji wote, chukua beseni pana lisilo na kina, weka maranda, liweke kona moja na usilihamishe. Sweta nalo usilione ushamba. Soko la mitumba lina sweta za watoto wachanga za bei chee, na mkono mmoja wa sweta la mtu mzima ukikatwa matundu mawili unamtosha kabisa mbwa wa saizi ya paka. Mbwa asiyetetemeka anakaa nje muda wa kutosha kumaliza shughuli.

Nyumba yenyewe nayo ichunguze. Mmehama kutoka Majengo kwenda Izia? Amekuja mtoto mchanga? Mwenzako wa chumba kasepa? Shule zimefunguliwa Januari na yule dogo aliyekuwa anamtoa kila saa karudi bweni? Kwa mbwa hayo ni matetemeko. Ratiba aliyoijua imekufa na hakuna aliyemwambia. Hapo unamfundisha upya kuanzia sifuri, kama vile ameletwa leo.

Na namna ya kufundisha ipo, wala haihitaji fimbo. Pale Morogoro, kwenye Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, shirika la APOPO linafundisha panya buku kunusa mabomu ya kutegwa ardhini na vimelea vya kifua kikuu. Panya! Wanachotumia ni mlio mdogo wa "klik" na kipande cha ndizi. Panya akinusa sawasawa, klik, ndizi. Akikosea, hakuna anayempiga, anakosa ndizi tu. Mmoja wao, Magawa, mzaliwa wa hapahapa Tanzania mwaka 2013, alipelekwa Kambodia akanusa zaidi ya mabomu na vilipuzi 100, na Septemba 2020 akapewa medali ya dhahabu ya ushujaa na shirika la PDSA la Uingereza, panya wa kwanza kuipata. Kama panya anaweza kufundishwa kuokoa miguu ya watu kwa ndizi, Popi atashindwaje kujua pa kukojoa?

Siri ni wakati. Zawadi ifike ndani ya sekunde moja au mbili, palepale nje, tone la mwisho likidondoka. Weka vipande vya dagaa asiye na chumvi mfukoni kabla hujatoka. Ukisubiri mpaka mrudi ndani ndiyo umpe, umemzawadia kuingia mlangoni. Na adhabu ina shida hiyohiyo kwa upande mwingine: unarudi saa kumi, kojo ni la saa sita, unamchapa. Anachojifunza ni kwamba wewe ukiingia na kojo likiwepo, kuna kipigo. Haunganishi kipigo na tendo la saa sita. Ndiyo maana anaanza kujificha nyuma ya kabati kukojoa, na ile sura ya "anajijua amekosea" unayoiona ni woga mtupu.

Mtoe kwa kamba, hata kama uwanja una ukuta, ili uone kwa macho kama amefanya au amezuga. Mtoe akiamka, akimaliza kula, akimaliza kucheza, na kabla ya kulala. Hizo ni lazima. Katikati yake mbwa mdogo mzima usimwache zaidi ya saa nne au tano, na mtoto wa miezi miwili hawezi kubana zaidi ya saa mbili tatu. Kibofu cha mbwa kinaanza kukomaa kwenye miezi minne hadi sita, kabla ya hapo unamdai deni asilokopa. Nenda naye kona ileile kila mara. Kile kitambaa chenye harufu ya kojo lake kiweke hapo nje kwa jiwe juu, pua yake itamkumbusha. Sema neno moja kwa sauti ya chini, "kojoa", na nyumba nzima itumie neno hilohilo. Akimaliza, dagaa, sifa, kisha mpe dakika chache za kuzurura. Ukimrudisha ndani sekunde anayomaliza, atajifunza kuchelewesha kojo ili aendelee kukaa nje.

Ndani, macho yako yawe kwake. Akianza kunusa sakafu kwa mduara, akiacha mchezo ghafla, akienda kona ile ya zamani, mnyanyue utoke naye bila kelele. Kama huwezi kumwangalia kwa sababu unapika, mweke kwenye tenga au boksi lenye blanketi lake, saizi ya kugeuka na kujilaza tu. Mbwa tangu akiwa mchanga wa wiki chache hujivuta pembeni asichafue anapolala, unaitumia tabia hiyo. Ila tenga ni la muda mfupi. Kumfungia kutwa nzima akojolee humo ni kumvunja tabia pekee inayokusaidia.

Usafi sasa, na hapa watu wengi wanapigwa bao. Mkojo ukioza unatoa harufu ya amonia, na pua ya mbwa inaunyaka hata pale wewe unapoona pamenukia sabuni. Pale pananukia choo, atarudi. Usisugue, kausha kwanza kwa kukandamiza kitambaa mpaka pakauke. Osha kwa maji ya uvuguvugu na sabuni ya unga, suuza, kisha pitisha siki iliyochanganywa na maji nusu kwa nusu, acha dakika kumi, kausha. Kapeti na mkeka toa juani, jua la mchana la huku ni kali hata siku ya baridi. Usimwage Jik juu ya kojo bichi, na usiichanganye na siki hata kidogo, zote mbili zinatoa hewa ya sumu, na kwenye chumba kimoja kilichofungwa dirisha kwa ajili ya baridi hiyo ni hatari ya kweli.

Mikono pia. Mnakumbuka Julai 2022, kule Lindi, ugonjwa uliotushtua wote ukatangazwa kuwa homa ya mgunda? Vimelea vyake vinatoka kwenye mkojo wa wanyama, panya kwanza, ila mbwa naye anabeba. Vinaingia kwa mtu kupitia kidonda au macho na mdomo. Vaa mfuko wa plastiki mkononi kama huna glavu, na anayedeki sakafu asiwe dogo mwenye mchubuko wa goti.

Majirani waheshimu. Kwenye uwanja wa wapangaji, kuna mama anayeanika mahindi na kuna mzee anayeswali, mate na mkojo wa mbwa kwake ni najisi inayomlazimu kuosha upya. Nenda kwake mwenyewe kabla hajakufuata. "Shikamoo mzee, mbwa wangu anaumwa, namfundisha upya, kona yake ni ile kule nyuma, akivuka niite." Okota kinyesi kila siku, kifukie mbali na kisima. Mwenye nyumba akiona unajali uwanja wake, mazungumzo yake na wewe yanakuwa mengine.

Ukikomaa hivyo bila kuruka siku, mbwa mzima mwenye afya unaanza kumuona amebadilika ndani ya wiki chache. Asipobadilika kabisa, rudi kwa dokta, bado kuna kitu mwilini hakijaonekana.

Wapo ambao hawatarudi kuwa kama zamani. Mbwa wa miaka 13 anayesahau mlango uko wapi, anayesimama kona akiutazama ukuta, huyo amezeeka akili. Kakulinda miaka yote hiyo, anastahili kumalizia maisha kwenye joto la nyumba yako. Godoro lake livishe turubai chini ya blanketi, mtoe mara mbili zaidi ya zamani, beseni la maranda lisogeze karibu na anapolala. Nepi ya mtoto ukiitoboa tundu la mkia inamkaa vizuri. Ibadilishe kila ikiloa, mfute kwa maji ya uvuguvugu na umkaushe mpaka kwenye mapaja, maana mkojo ukikaa kwenye ngozi unachubua.